Vyombo vya Watu

Kicheko kilichokuwa kikitoka uani kilikatika Marcelina alipofungua mlango wa chumba chake. Hakikufifia kidogo kidogo kama vicheko vinavyochoka vyenyewe. Kilikatika kama uzi uliokatwa kwa meno. Alisimama kizingitini, magongo mawili kwapani, akisikiliza mwiko ukizunguka ndani ya sufuria na mtu akikohoa kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa. Choo kilikuwa ng'ambo ya ua. Ili kukifikia ilimpasa kupita katikati ya wanawake wale, mbele ya macho yao, kwa mwendo wake usioweza kuharakishwa. Akarudi ndani, akafunga mlango taratibu, akaketi kitandani. Haja yake ingesubiri, kama ilivyokwisha kujifunza kusubiri siku hizi.

Huo ulikuwa mwezi wake wa kwanza katika nyumba ya Bi Ashura, Ujiji, na ulikuwa unakaribia kwisha. Kabla ya hapo alikuwa akiishi katika makazi ya wazee na wasiojiweza, kilimani, mbali na barabara ya Mwandiga. Alipelekwa huko nywele zake zikiwa bado nyeusi, baada ya kaka yake wa Kalinzi kufariki na shamba la kahawa kugawanywa kwa watu wenye miguu. Yake ilikuwa imepooza tangu utotoni. Sasa ulikuwa umekuja utaratibu mpya: wale walioweza kujipikia na kujifulia wapangishiwe vyumba katikati ya watu, afisa wa ustawi wa jamii akiwatembelea. Afisa huyo, binti mmoja kutoka Njombe aitwaye Edina, alipomweleza jambo hilo, Marcelina alikubali kabla sentensi haijafika mwisho. Sharti lilikuwa moja. Mwezi ukitimia, Edina angekuja kumsikiliza mpangaji na mwenye nyumba. Upande mmoja ukisema haiwezekani, mzee angerudi kilimani.

Na Edina alikuwa anakuja leo.

Makazini hakuteswa, asingependa mtu yeyote aseme kwamba aliteswa. Alilishwa, alitibiwa, na wenzake waliofariki alishuhudia wakizikwa kwa heshima. Ila kule mtu aliamshwa, na jioni taa ilizimwa kwa mkono wa mtu mwingine. Hapa Ujiji alikuwa na ufunguo uliofungwa kwa kamba shingoni, na katika juma la kwanza tu aligundua jambo lililomshangaza kwelikweli: kwamba hapendi uji. Alikuwa ameunywa kila asubuhi kwa miaka yote ile, na hakuna aliyewahi kumuuliza, wala yeye hakuwahi kujiuliza. Sasa alikunywa chai ya rangi na kiazi kilichochemshwa, akiwa amekaa dirishani, saa aliyoitaka yeye. Hilo ndilo aliloogopa kunyang'anywa. Lilikuwa jambo dogo mno kumweleza afisa.

Mwanzo ulikuwa mwema kupita kiasi. Jioni ya kwanza Bi Ashura mwenyewe alimletea wali na samaki aina ya mgebuka wa kukaanga katika sahani yenye maua. Siku iliyofuata akaja Lulu, mke kijana wa nyumba ya jirani, na hotipoti ya bluu yenye maharage yaliyoungwa kwa mawese. Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani, ambao mwaka huo uliandamana na Kwaresima, na vyombo vikawa vinaingia chumbani kwa Marcelina kila jua lilipoinama: uji wa pilipili manga, magimbi, tambi za sukari, kalimati. Mtu alipiga hodi, akaweka chombo juu ya kigoda, akasema, "Futari hiyo, bibi," akaondoka mbio kuiwahi magharibi. Marcelina alikula, akaosha chombo papo hapo kwa sabuni na jivu, akakikausha, akakipanga karibu na mlango juu ya vingine, kikubwa chini na kidogo juu, akavifunika vyote kwa kitambaa cheupe. Alifanya hivyo kwa fahari ya kimyakimya. Asitokee mtu wa kusema kwamba mzee wa makazini ni mchafu.

Halafu vyombo vikapungua. Halafu vikakoma.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kukitaja, kwa kuwa hakuna aliyemkosea adabu. Walimwamkia, naye aliitikia. Ila "Shikamoo bibi" iliyokuwa ikifuatwa na habari za mgongo na za usiku sasa ilisimama peke yake kama mti uliopukutika. Bi Ashura, ambaye siku za mwanzo aliingia na kuketi mpaka sufuria yake ikaungua, sasa alimwongelesha akiwa amesimama mlangoni. Na juzi, akiwa anaanua nguo dirishani, Marcelina alimsikia Lulu uani.

"Mimi sisemi mtu, shangazi," Lulu alikuwa akisema. "Nasema tu, wako watu ukiwatendea wema wanaona ni haki yao."

"Chunga funga yako, Lulu," Bi Ashura alijibu.

"Nimeichunga. Ndiyo maana sitaji jina."

Marcelina aliketi na maneno hayo kama mtu aliyepewa mtoto mgonjwa amshike. Ni nini alichokichukua akakiona ni haki yake? Alijipekua. Choo, bila shaka. Yeye akiingia chooni alichelewa, na wanawake wenye kutaka udhu walilazimika kusubiri nje. Na magongo: mipira ya chini ilikuwa imelika, na kila alipotembea saruji ililia, pengine wakati wenzake wamejilaza kuipumzisha njaa. Akaviringisha matambara kwenye ncha za magongo, ingawa yalimfanya ateleze. Akaacha kunywa maji mchana, kisha akaacha kuyanywa jioni pia, ili asiwe na sababu ya kuvuka ua. Alipika mara moja, kidogo, moshi usimsumbue mtu. Kadiri walivyomnyamazia ndivyo alivyojipunguza, na kadiri alivyojipunguza ndivyo walivyozidi kumwona mtu wa maringo, ajifungiaye ndani asitake kuonana na watu. Lakini hilo la mwisho yeye hakulijua. Yeye alijua tu kwamba kichwa kilikuwa kikimzunguka kila aliposimama, na kwamba leo haikupasa kizunguke.

Edina alifika alasiri, mvua ikiwa inamalizikia. Bodaboda ilimshusha mbele ya baraza, akaingia akiwa na koti linalochuruzika na viatu vilivyojaa tope jekundu. Alikuwa binti wa maneno machache, mwenye mazoea ya kutazama chumba kizima kabla ya kuketi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mvua. Karibu kitandani, kigoda kina mguu mbovu."

"Hapa panatosha." Edina alichuchumaa mbele yake, akamshika mkono, akaifinya ngozi ya kiganja kwa nyuma na kuiachia. Ngozi ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. "Bibi, umekunywa maji leo?"

"Nimekunywa."

"Saa ngapi?"

Marcelina alitazama dirishani. Alijaribu kusimama ili aonyeshe kwamba anaweza, aende hata kufungua pazia, lakini tambara la gongo la kushoto liliteleza na chumba kikampindukia. Edina alimdaka. Walikaa hivyo kitambo, wote wawili wakipumua kwa nguvu, na Marcelina alihisi moyo wa yule binti ukidunda kupitia koti lililolowa. Alielewa kwamba kuna watu wawili wenye hofu chumbani. Mwezi uliopita mzee mmoja aliyepangishiwa chumba Rusimbi aliugua peke yake, na majirani wakaja kumgundua akiwa hoi. Alipona, lakini tangu siku hiyo Edina alilala na simu mkononi.

"Kesho asubuhi gari la makazi linashuka mjini," Edina alisema hatimaye, bila kumtazama. "Nitaomba likupitie. Ni kwa muda tu, bibi. Upate nguvu, kisha tutaona."

"Kwa muda," Marcelina alirudia.

Alimjua mtu aliyerudi kwa muda. Mzee Martini alipangishiwa chumba cha kwanza kabisa, akarudishwa kwa muda kwa sababu ya kikohozi, akapewa kitanda karibu na mlango ili asizoee. Kitanda hicho alikitoka akiwa amebebwa. Kule, kitu cha muda kilikuwa ndicho kitu cha kudumu.

"Nimekosa nini?" aliuliza.

"Hujakosa. Ngoja nizungumze na mama mwenye nyumba."

Bi Ashura aliitwa. Aliingia akijifuta mikono kwa upindo wa kanga, mwanamke mnene wa makamo, mwenye uso usioficha kitu hata pale alipotaka kuficha. Lulu alimfuata mpaka mlangoni, akabaki pale, bega moja ndani na moja nje.

"Mama, nimekuja kwa ile habari yetu ya mwezi," Edina alisema. "Unaonaje, mnaishije na bibi?"

"Tunaishi vizuri. Mimi sina neno."

"Hata dogo?"

"Mgeni wa serikali anasemwaje, mwanangu? Sina neno."

Mtu yeyote aliyekulia Ujiji angejua kwamba mwenye kukana mara mbili ana neno refu, na angesogeza kiti, akaulizia watoto, akasubiri. Edina hakukulia Ujiji. Alishusha pumzi kama mtu aliyethibitishiwa alichokiogopa.

"Basi haina shida. Afya yake nayo imeshuka. Kesho nitamwondoa, na chumba chako utakipata."

Bi Ashura aliacha kujifuta mikono. "Kumwondoa? Nani kaomba aondolewe?"

"Naona kama hamjaelewana."

"Hatujaelewana, ndiyo, kama ndugu wasivyoelewana. Hilo ndilo la kumpakia mtu kwenye gari?" Aligeuka kumtazama Marcelina, na sasa neno lake likatoka lenyewe. "Mimi nilitaka vyombo vyangu, dada. Chumba sikukitaka."

"Vyombo gani?" Edina aliuliza.

"Vyombo vya watu. Vyangu, vya huyu Lulu, vya Mama Rodgers, vya mtaa mzima. Vinaingia humu, havitoki. Siku ya kwanza nikasema kachoka na safari. Siku ya tatu nikasema labda hajazoea. Juma zima. Mpaka jana nimefuturu kwenye mfuniko wa sufuria, mtu mzima mimi. Kwetu huku chombo kinarudi, tena hakirudi kitupu. Hata ndimu utatia, hata jani la mchaichai, mwenzio ajue umempokea. Asiporudisha kabisa anatuambia nini?"

Marcelina alihisi uso ukimwaka. Alinyoosha gongo tu kuelekea nyuma ya mlango, pale Lulu alipokuwa ameegemea, na Lulu akainama akakivuta kile kitambaa cheupe.

Vilikuwa pale. Sahani yenye maua, mabakuli ya udongo, hotipoti ya bluu, vibakuli vya kalimati, kila kimoja kiking'aa, kikubwa chini na kidogo juu, kama vimepangwa kwa ajili ya ukaguzi.

Bi Ashura aliinama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa bakuli.

"Hata kwangu havijawahi kung'aa hivi," Bi Ashura alisema polepole. "Dada Marcelina, vilikuwa vinasubiri nini hapa?"

"Anayevikusanya."

"Nani?"

"Kule makazini hupita mtumishi, Genoveva, na beseni, baada ya chakula. Wewe unaosha, unapanga, unangoja. Ukitoka na sahani yako kwenda jikoni unagombezwa. Wanasema utaanguka nayo, utavunja, utajikata." Alimeza mate ambayo hayakuwapo. "Nikadhani hapa pia yupo mtu kama huyo. Niliona anachelewa tu. Nikasema nisimsumbue mtu kumuulizia."

Lulu alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Bega lake la nje liliingia ndani. Bi Ashura alijishusha kitandani, chaga zikalia.

"Na siku zote hizi tulipokunyamazia, ulidhani ni nini?"

"Nilidhani ni choo," Marcelina alisema.

"Choo?"

"Kwamba nachelewa mle, mnakosa udhu. Nikaacha maji."

Sasa hata Edina aliketi, pale pale sakafuni, akiwa na koti lake. Alikuwa amesomea kazi hii. Alikagua upana wa mlango, akaagiza mteremko wa saruji ujengwe barazani, akahakikisha choo kina kishikio. Alimfundisha bibi kutumia simu na kuwasha jiko la gesi. Kurudisha sahani kwa jirani hakukuwa miongoni mwa mambo ambayo mtu angefikiria kumfundisha mwingine.

"Basi kumbe ni jambo dogo," alisema, akiinuka haraka mno. "Nipeni hivyo vyombo. Navirudisha mimi sasa hivi, mlango kwa mlango, nawaeleza."

"Ukivirudisha wewe," Bi Ashura alisema, "vitakuwa vimerudishwa na halmashauri."

"Mama, hana mkono wa kubebea. Tazama. Mikono yote miwili iko kwenye magongo."

Bi Ashura aliyatazama magongo, yale matambara yaliyoviringishwa kwenye ncha, na ilionekana ndiyo kwanza anayaona. "Hilo sikuliwaza," alisema. "Wallahi sikuliwaza. Nimemlaumu mtu kwa mikono asiyokuwa nayo."

Hapo mambo yangeweza kuishia katika huruma, na Marcelina aliiona huruma ikiingia chumbani kama alivyoizoea, ikiwa na miguu laini na beseni mkononi. Lulu angevikusanya kila jioni. Wangekubaliana vizuri, bila kinyongo, na yeye angebaki kitandani akiosha na kupanga na kungoja. Makazi yangekuwa yamemfuata mpaka Ujiji. Na gari lingekuja kesho vilevile, kwani Edina alikuwa bado anamtazama kwa macho ya mtu anayepima.

"Nipeni maji kwanza," alisema.

Lulu alimletea. Alikunywa kikombe kizima bila kukishusha, akaomba cha pili, akakinywa polepole, wanawake wawili waliofunga wakimtazama bila kuona tabu. Kisha akavuta kutoka chini ya mto mfuko wa maharage aliopewa na mtoto wa kaka yake siku alipohama, maharage ya Kalinzi, madogo, ya njano. Akatia konzi moja katika kila chombo, akavifunga kimoja kimoja ndani ya kanga na vitambaa. Mwishowe akachukua kitenge chake kikubwa zaidi.

"Nitilie mgongoni," alimwambia Bi Ashura.

"Nini?"

"Nimewabeba watoto wa kaka yangu wote wanne kwa magongo haya haya, Kalinzi, kwenye miteremko. Hakuna aliyedondoka. Nitilie."

Bi Ashura alivipanga mgongoni mwake, akavizungushia kitenge, akakifunga kifuani kwa fundo la mbeleko. Edina alichuchumaa akayafungua yale matambara kutoka kwenye ncha za magongo, moja baada ya jingine, akayatia mfukoni mwa koti.

"Polepole, bibi," alisema. "Kichwa kikikuzunguka unaketi popote. Kwenye tope, popote."

Nje mvua ilikuwa imekwisha na uchochoro ukawa unateleza. Marcelina alishuka ule mteremko wa saruji, akatia gongo la kwanza ardhini, likazama, akalichomoa. Vyombo vilimlemea mgongoni kwa uzito aliokuwa ameusahau. Alijua Edina yuko nyuma yake, mikono imenyooshwa, na alimsikia Bi Ashura akimwambia, "Msindikize kwa macho."

Lulu alikuwa ametangulia kuingia kwake, kwa kuwa futari yake ilikuwa motoni, na mlango wa nyumba yake ulikuwa umerudishwa. Marcelina alisimama mbele yake. Makazini hapakuwa na mlango wa kupigia hodi. Huko watu waliingia tu.

"Hodi," alisema. Kisha kwa sauti zaidi, "Hodi hapa."

Mlango haukufunguka. Alifikiri: amesikia, hataki. Alifikiri: kilichosemwa kimesemwa, konzi ya maharage haifuti kitu. Akapima kwa jicho mahali pa kuketi, pale penye jiwe la kuanikia viatu. Mlango ukafunguka.

"Karibu, bibi." Lulu alikuwa na unga mpaka viwikoni. Alitazama chini, si kwa dharau. "Mimi nilisema maneno."

"Niliyasikia."

"Najua uliyasikia. Nilisema ili uyasikie."

"Basi chukua hotipoti yako," Marcelina alisema. "Iko juu kabisa. Siwezi kuifikia, itabidi uitoe mwenyewe."

Lulu alizunguka nyuma yake, akapekua kitenge kwa uangalifu kama mtu anayemtazama mtoto aliyelala, akaitoa hotipoti ya bluu. Aliifunua, akaona maharage. Alicheka kidogo, kwa pua.

"Ya Kalinzi haya. Yanaiva upesi."

"Usiyatie mawese mengi. Yale ya mwanzo ulizidisha."

"Loo. Bibi, kumbe una mdomo."

"Ninao. Ulikuwa umekauka."

Aligeuka taratibu, gongo moja kisha jingine, kuelekea kwa Mama Rodgers, ambaye mlango wake ulikuwa mbali zaidi na kizingiti chake kirefu. Pale barazani kwa Bi Ashura alimwona Edina akiwa na simu sikioni. Maneno hayakumfikia. Aliona tu midomo ikitembea, kisha ikitulia, kisha ikitembea tena, akasimama, maana aliyajua maongezi ya aina hiyo, ambamo watu hupangiwa siti za gari. Edina aliishusha simu, akaitazama kidogo, akaitia mfukoni. Halafu aliketi kwenye baraza, akavua viatu vyake vilivyolowa, akaviweka kando kukauka. Bi Ashura alimsogezea kigoda cha kuwekea miguu na kusema jambo lililomfanya binti yule acheke.

Mtu aliyeita gari la kesho asubuhi havui viatu saa ya futari. Marcelina alikaza fundo la mbeleko kwa mkono mmoja, gongo likiwa limebanwa kwapani, akaendelea, kwani vyombo vilivyobaki vilikuwa vingi na jua lilikuwa limeshaligusa ziwa.